Umri wa Kanisa

Tiketi ninazokata zina rangi ya papai.
Kabla hata hajapokea chenji, mgeni huuliza:
kanisa hili lina umri gani?
Nami nina jibu la kibaoni, limechapwa:
karne kadhaa, mabaharia wa Kireno, makaburi uani.
Nalitoa kama mtoto anavyotoa hesabu ya mara.

Juzi akaja mmoja, kofia yake ya ukili
bado ina kibandiko cha bei.
Kwao, akasema, ni kisiwa cha mlima wa moto,
makanisa meusi kama kitako cha sufuria;
jiwe lilishuka likitiririka, likala mizabibu,
likapoa, wakalichonga, wakalitundikia kengele.
Akaweka kiganja ukutani petu. Akakiondoa upesi.
"Kuna kitu humu."

Kombe. Dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho,
limejificha ndani ya jiwe kama kokwa.
Jiwe letu halijui moto, nikamwambia.
Lilikuwa hai. Lilikula, lilizaana chini ya maji,
watu wakalikata likiwa bichi, laini kama muhogo,
wakalianika juani mpaka likakubali kuwa ukuta.

Akacheka, akaandika kijitabuni.
"Basi, umri gani?"
Nikafungua mdomo, kibao kikanikimbia,

maana juu yetu palikuwa na makuti,
na hayo makuti nayajua.
Yalishonwa Ganda, uani kwa Hawe Mbeyu,
mwaka ule vuli ilipopita bila hata salamu.
Mia nne na sitini.
Akaja bwana mwenye kalamu mbili mfukoni,
akayageuzageuza kwa ncha ya kiatu,
akalipa mia nne na thelathini.
Thelathini, akasema, mabovu:
miaa ilikwisha, bibi akamalizia kwa uzi wa nailoni,
buluu, wa nyavu kuukuu.
Lakini gari liliyabeba yote.

Hawe Mbeyu alikuja kudai siku ya Jumanne.
Ofisini hapakuwa na mtu, ila mimi na feni.
Ingia basi upumzike, nikamwambia.
Hakuwahi kuingia.
"Mimi si wa kanisa wala wa msikiti,
mimi nina koma zangu,"
lakini alivua ndara mlangoni.

Hakutazama msalaba. Hakusoma kibao.
Aliinua shingo, midomo ikaanza kuhesabu.
Hili langu. Hili langu.
Lile la Kadzo, yule huruka mshono.
Hili langu.
Kisha akanyamaza, akaninyooshea kidole juu,
pale hasa juu ya madhabahu,
na mimi niliyefagia humu miaka sita
nikaona kwa mara ya kwanza
safu nzima ya uzi wa buluu.

Nilingoja apige kelele. Ningepiga mimi.
Aliuliza tu, "Mvua huvuja hapo?"
Haivuji, Hawe.
"Ehe."
Nikamkatia tiketi, sikujua la kufanya jingine.
Akaikunja mara nne, akaifunga pembe ya leso
kama mtu anayefunga shahada.

Mgeni alikuwa bado amesimama, kalamu hewani.
Nje palikuwa na tuktuk inamngoja,
impeleke kwenye nguzo ya msalaba, kule rasini,
bahari inakoguguna mwamba chini kwa chini
na sisi tunaongeza saruji,
halafu arudi mjini, msikiti wa Ijumaa,
ayaone makaburi yaliyoota nguzo.
Kote huko atauliza swali lile lile.

Kuta, nikamwambia, someni kibaoni.
Paa lina miaka minne.
Deni la paa, miaka minne pia.

Akaandika la kwanza tu.
Nikampa chenji yake.