Ukungu wa Nyuma ya Kabati

Kiswahili kimefanya ubahili hapa:
kimetupa neno moja, ukungu,
kwa ule unaoshuka Rungwe alfajiri
ukalala juu ya michai bila kuitikisa,
na kwa huu wa nyuma ya kabati,
madoa meusi kama chui aliyenyeshewa.
Nimekaa Tukuyu miaka kumi na mmoja.
Nakuambia ni ndugu, baba mmoja.
Wa kwanza hubisha hodi dirishani,
wa pili humfungulia kwa ndani.

Tuliujua kwa kifua cha Tusekile.
Usiku wa manane, mluzi mwembamba
kama birika lililosahauliwa jikoni, nyumba ya tatu.
Mama mkwe akasema ni baridi, mfunikeni.
Tukamfunika.
Blanketi juu ya blanketi, na kila blanketi
na vumbi lake, na kila vumbi na wenyeji wake.

Nesi Sanga hakutoa hotuba.
"Analala karibu na ukuta?" Karibu.
"Nguo mnaanika wapi mvua ikinyesha?"
Nikacheka. Ikinyesha! Dada,
huku huulizwa isiponyesha.
"Na chini mmetandika nini?"
Nikanyamaza.

Chini kulikuwa na zulia.
Gwamaka alilinunua Mwanjelwa, pesa ya parachichi za kwanza,
akalibeba begani toka stendi, bodaboda akaikataa
ili watu walione. Tausi wawili, manyoya ya kuzamisha vidole.
Wageni walianza kuvua viatu wakiwa bado barabarani.

Nilianza na visivyo na mtetezi.
Nikakivuta kitanda shibiri moja toka ukutani.
Siki, maji ya moto, kitambaa:
sugua, futa, kausha, kesho rudi.
Fundi Ambilikile alisema nipake rangi tu, yaishe.
Rangi juu ya ukungu ni kanzu juu ya kidonda.
Fagio kavu nikalistaafisha;
linaamsha vumbi lililolala, nalo likiamka linahamia puani.
Tambara bichi halina maneno.
Mito ya sufi nikaipasua nje, nimejifunga khanga usoni.
Ndani mlikuwa na miaka.
Foronya zikachemka katika sufuria la misiba,
na jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Halafu jua. Jua la huku ni kama mgeni rasmi:
hutangazwa, huchelewa, likija halikai.
Jumanne lilitokea saa nne.
Mtaa mzima ukatoka mbio, magodoro vichwani,
Mama Lugano na povu la sabuni sikioni,
magodoro juu ya ua, juu ya kuni, juu ya gari bovu la mchungaji,
tukayachapa fimbo kama yanadaiwa.
Saa sita na robo, tone la kwanza.
Tukarudi nayo mbio vilevile.

Zulia sikuligusa.
Nililizunguka kwa tambara langu
kama mtu anavyozunguka duka analodaiwa.
Alhamisi usiku mluzi ukaja.
Gwamaka akaketi, mtoto kifuani,
nyayo zake zimezama ndani ya tausi.
Hakusema kitu. Na mimi sikusema.
Kulipokucha nikakuta sakafu ya saruji, tupu,
yenye ufa ambao sikuwahi kuujua.

Liko juu ya banda la nguruwe, ndani ya nailoni.
"Hatujaliuza," humwambia kila mgeni
ambaye hata hajauliza.

Sitakudanganya kwamba umekwisha.
Juzi nimeona doa, punje ya ulezi, pembe ya dirisha,
nikalifuta kwa kidole kabla halijaita wenzake.

Lakini jana usiku niligutuka, moyo mbio,
nikitafuta ni nini kimeniamsha.
Mvua juu ya bati. Gwamaka anakoroma.
Hakuna kingine.
Nikaenda, nikainama juu ya kitanda kidogo,
nikangoja, nikangoja, kifua kikapanda, kikashuka
bila kumwambia mtu.

Ukungu ulikuwa umeshafika kiooni.
Sikufungua.
Nikauacha usubiri jua, kama sisi sote.