Wapangaji

Ami Muhenna alitia dawa kwa nia njema.
Poda ya manjano, vijiko viwili, maji ya sukari,
akayanyunyizia magogo yote thelathini na moja ya mtende
yaliyolala juu ya ukuta wa shamba, Rustaki.
Mizinga ya jirani ilikuwa na maradhi; yeye akawahi.
Kinga ni bora, alisema.

Mkunazi ukachanua. Nyuki wakatoka,
wengi hawakurudi. Waliorudi
walitambaa vumbini, matumbo yamevimba,
mabawa yakitetemeka kama mwenye homa.

Akanipigia simu Maskati, kwa Kiswahili,
kama afanyavyo jambo likimkaba:
"Wewe si unasoma wadudu? Njoo uwasome hawa."

Nilikuja na hadubini ndani ya boksi la tende.
Nikavuta utumbo wa mmoja kwa kibano,
uzi mwembamba, rangi ya chai ya maziwa,
nikautandaza kwenye kioo.
Patupu. Nyumba imehamwa.

Nikamwambia: Ami, nyuki huzaliwa tumbo tupu.
Hutoka segani safi kama sahani iliyooshwa,
dada zake humlisha, humgusa,
naye hulamba sega walilolikanyaga,
na humo mna wageni asiowaona.
Hao hupanga tumboni, ukuta mzima,
na kodi yao ni hii: kuukunakuna ukuta
usiku na mchana, mlinzi asisinzie.
Dawa yako haikuuliza yupi adui, yupi mpangaji.

Hakujibu. Alimenya chungwa, hakulila.
Kisha: "Mamangu alinilisha hivyo. Alitafuna kwanza."
Kisha tena, baada ya muda:
"Na maneno haya ndivyo nilivyoyapata.
Unguja sijafika hata siku moja."

Alasiri tukaenda kwa Bi Thuweiba,
ambaye hajapata kununua dawa, kwa ubahili tu,
tukamwomba kipande cha ubahili huo:
sega moja, na nyuki wakubwa wameling'ang'ania.
Alitaka riali tano. Ami akatoa tatu, na viapo.

Tumelitia gogo la saba.
Mengine tumeyaacha; sega ni moja.
Sijui kama wiki tatu zinatosha.

Usiku hunitumia sauti, hasemi neno,
ameisogeza simu mdomoni mwa gogo.
Nasikiliza. Kuna kitu kinavuma,
au ni maji ya falaji.