Milimita Sita

Daktari Abrantes aliniwekea rula chini ya pua,
rula ya plastiki, ya mtoto wa shule,
akasema, "Tabasamu."
Nikatabasamu.
Akangoja.
"Tabasamu, tafadhali."
Nikamwambia ndiyo hilo.

Akaandika sifuri.

Kinywa ni jumba la maneno, sawa,
lakini langu fundi aliishiwa matofali
akaezeka hivyo hivyo:
kidevu kimepanda kuamkia pua,
pazia linaburura sakafuni,
na wapangaji wa juu, kumi na wanne,
weupe, hakuna hata mmoja mwenye tundu,
hawajaonekana barazani tangu waote.

Huku Fundão watu hudhani nimenuna.
Muuza mkate hunipa chenji kwa uangalifu.
Salomé, mtoto wa kaka yangu, alichora ukoo mzima
kwa kalamu za rangi,
mimi akanipa mstari mmoja mdomoni,
akauliza,
"Shangazi, meno yako huwa unayavua?"

Sasa njia ipo. Ipo kwenye kompyuta, inazunguka:
taya la juu linakatwa, linashushwa milimita sita,
pengo linajazwa mfupa wa nyonga,
vibamba vinne, skrubu kama za miwani.
Wiki sita za supu.
Ganzi ya mdomo huondoka, alisema, kwa wengi.
Sikuuliza wengi ni wangapi.
Niliuliza kama basi nitatabasamu kwa nyonga,
na yeye, maskini, akaandika hilo pia.

Nyumbani nikafungua klarineti.
Miaka ishirini na miwili kwenye bendi ya mji,
safu ya pili, nyuma ya mzee Quintino na kikohozi chake.
Juu ya kipulizio cheusi kuna vishimo viwili,
vidogo, kama mtu aliyebonyeza nta kwa kucha.
Meno yangu ya mbele yamevichimba,
hayo hayo yasiyojulikana na mtu,
Jumapili ya Matawi hadi Jumapili ya Matawi.
Kumbe yana kazi. Yana saini.
Milimita sita chini, yatavikuta wapi vishimo vyao?
Na mdomo uliokufa ganzi utajuaje
kwamba imetoka sauti, si pumzi tu?

Babu Hermínio alikuwa na uso huu.
Mfumaji wa sufu; alicheka kwa mabega.
Siku aliyolazwa jenezani,
kabla bibi hajamfunga kitambaa kidevuni,
taya lililegea
nikayaona:
marefu, mazuri, yamejipanga kama watoto wa komunyo.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikapiga ukelele,
wakadhani ni majonzi.
Nilikuwa simjui.

Daktari amenipa kipande cha plastiki ning'ate,
niujaribu urefu wangu mpya, kama viatu dukani.
Leo nimekivaa nikiosha vyombo.
Uso ukarefuka kwenye kioo cha dirisha,
meno yakachungulia, mawili, kisha manne,
kama watu waliosikia kelele mtaani.
Mama akaingia na bakuli la cheri.
Akanitazama,
kisha akatazama mlangoni, kama anayenitafuta.
"Toa hicho," akasema. "Cheri haziliki hivyo."
Nikakitoa. Tukala, tukitema kokwa kwenye kisahani,
mimi na yeye, midomo imefumba.

Fomu nimeikunja mara nne.
Imo ndani ya sanduku la klarineti, chini ya matete.
Alhamisi wanataka jibu.
Leo ni Jumanne, na mazoezi ni saa mbili.