Fremu ya Magongo

Aliyaleta mwenyewe gereji, akisukuma kiti chake kwa viganja,
magongo mawili ya alumini yamelala mapajani.
"Kata," akasema Orrin. "Haya hayanipeleki popote tena."
Nikamwambia hospitali huenda wakayadai.
"Wakiyadai, waambie yako mlimani."

Tukaanza na mgongo wangu.
Alitaka niiname, akatafuta kwa kidole
ule mfupa unaochomoza chini ya shingo,
akashusha utepe wa fundi cherehani hadi juu ya nyonga:
inchi kumi na saba na nusu.
Akaandika kwenye mfuko wa chakula cha kuku,
upande usio na picha ya jogoo.
"Mabega hujitolea haraka, huchoka haraka.
Mzigo mpe nyonga. Nyonga haina maneno."

Usiku tukajaza mabomba mchanga wa mto Lemhi,
tukaziba ncha kwa vizibo vya mbao,
maana bomba tupu ukilikunja linavunjika kiuno,
lililoshiba linakubali.
Nikalikunja kidogo kidogo juu ya ringi ya pikapu
hadi likashika mwinamo wa mtu
anayetafuta kitu kilichoanguka sakafuni.

Mikanda nilikata kwenye gari la marehemu mama,
mikanda ambayo hakuwahi kuifunga.
Cherehani ikavunja sindano nne.
Ya tano niliiombea.

Fremu ya kwanza ilikuwa aibu.
Niliipakia chumvi ya ng'ombe, ratili sabini,
nikapanda ngazi za ghala mara kumi,
na kila hatua ikalia kwii, kwii,
kama kitanda cha nyumba ya wageni.
Orrin alicheka mpaka akashika mbavu.
Kisha akanyamaza:
"Elki atakusikia kabla hujavuka uzio."
Tukafungua boliti zote kumi na mbili.
Kati ya chuma na chuma tukaweka ngozi
iliyokatwa kwenye buti lake la kushoto.
Buti lenyewe lilikuwa jipya.
Sikuuliza.

Oktoba, theluji ya vidole viwili.
Nilimpata dume alfajiri, amesimama kati ya misonobari,
kulungu kwa sura, ng'ombe kwa uzito,
pembe zake mti uliosahau majani.
Risasi moja. Halafu kazi yenyewe:
kisu, kamba, mvuke ukipanda kutoka ndani yake
kama chai iliyofunuliwa.
Paja la kwanza nikalifunga juu, karibu na mabega,
kwa kuwa nyama ikining'inia chini
hukuvuta nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Najua, nimeusema msemo huo na mimi,
nikimtazama akitoka kitandani.
Lakini nani alisema neno
kuhusu mzigo wako mwenyewe
ulioegemea magongo ya mwenzio?

Zile raba za chini sikuziondoa.
Nilipochoka niliitua fremu, ikasimama yenyewe,
na nilipoinyanyua ikaacha alama mbili za duara kwenye theluji,
zilezile za mwaka jana
zilizokuwa zikitoka mlangoni hadi kwenye sanduku la barua,
siku moja zikaishia katikati.

Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopumzika.

Alikuwa kwenye pikapu, kioo kimeshushwa chote,
baridi imemfanya pua nyekundu.
Hakuangalia nyama. Hakuuliza pembe.
Alinyoosha mkono, akaishika fremu kwenye kona
ambapo zamani palikuwa na kishikio chake,
akaitikisa, akatega sikio.
"Sikukusikia ukija," akasema.

Kwa Orrin, hiyo ni hotuba.

Nikamwambia mkanda wa kulia unalegea.
Akatoa tupa na bisibisi chini ya kiti,
kana kwamba alikuwa akisubiri tu nilalamike,
nami nikanywa kahawa yake yote.
Yalikuwa yamebaki mapande matatu juu kule,
na kunguru walishaanza kuitana.