Dirisha la Mshahara

Barua ilikuja na muhuri wa mahakama ya Mafinga,
imekunjwa mara tatu, inanuka moshi wa bodaboda.
Mwajiri anaamriwa, ilisema,
kila mwezi akate elfu sitini
kwenye mshahara wa Faustini Kihwele, dereva wa trekta,
kabla haujagusa kiganja chake.

Mimi ni karani. Sikati roho ya mtu, nakata tarakimu.
Kwenye safu ya makato, chini ya chama cha akiba,
nikaandika: matunzo, Lusungu,
miaka minne, Nyololo.

Tarehe ishirini na nane ukungu ulilala juu ya chai
kama blanketi lililoanuliwa bichi.
Faustini akaja, mabuti yana tope,
akageuza karatasi mbele na nyuma.
"Dada, hii sitini imekwenda wapi?"
"Nyololo. Imepanda basi kabla yako."
"Edina atakula hela yangu."
"Kuna mdomo mdogo unaokula kabla yake."
"Lakini mimi sikukataa! Nilisema mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi.
Mji huo naujua, nimekulia pembezoni mwake.
Mama alinibeba mgongoni hadi ofisi ya kata,
baba akaapa mbele ya mtendaji,
kikao kikafungwa kwa ulanzi.
Mwezi ukaisha mara mia na ishirini.
Sweta langu la shule lilikuwa la kijani,
viwiko vyake vya bluu.
Hakukuwa na makato. Kulikuwa na aibu,
na aibu hainunui daftari.

Hayo sikumwambia.
Nilimwambia: ukiona ni nyingi, rudi kwa hakimu, ujieleze,
anaweza kupunguza.
Ukihama kampuni, barua itakufuata.
Ukijificha, watakuja kuuliza ile pikipiki ni ya nani.

Akasimama pale. Nje trekta linanguruma,
hakulizima.
Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya viazi:
"Mtoto wa miaka minne anavaa kiatu namba ngapi?"

Sikujua.
Nyuma ya karatasi yake ya mshahara
nikamwandikia namba ya simu ya Edina,
ile aliyokuwa ameifuta.
Akaikunja mara tatu.

"Anayefuata," nikaita,
na foleni ikasogea.