Daftari la Msaragambo

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla jua halijakolea,
nimesimama kando ya mtaro, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Saba,
na kaunta buku kwapani, kalamu imefungwa kwa uzi.
Mimi ndiye karani wa mtaa. Sikuomba.
Walinichagua kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na kwa kuwa siku ya kikao nilichelewa.

Mwanakombo, koleo moja: yupo.
Mama Hozza na wanawe wawili, reki na karai: wapo.
Mbaruku fundi baiskeli: yupo,
kaja na kikapu cha baiskeli ya marehemu babake, cha kuchotea makopo.
Nyumba namba thelathini na mbili: dirisha limefungwa,
redio inasikika.
Nikaandika: faini, elfu mbili.
Nikapiga mstari chini yake, kwa rula.

Matope ya mtaro yana kumbukumbu.
Yananuka maganda ya machungwa ya Muheza, ya msimu uliopita,
maji ya dagaa, povu la sabuni ya harusi ya nani sijui.
Koleo likishuka, linasema chwa.
Likipanda linanyonya kwanza,
kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa.

Tukatoa kandambili kumi na tatu, zote za kushoto
(Mnyamisi, binti wa darasa la sita, ndiye aliyezihesabu;
akauliza za kulia watu huzitupa mtaa gani).
Tukatoa mfuko wa saruji uliogeuka jiwe.
Mkono wa mwanasesere.
Na sufuria ambayo Mama Hozza aliililia miaka mitatu
akimshuku wifi yake.
Akaikung'uta. Akainyamazia.

Ilipogonga saa mbili, Mbaruku akavuta kiroba
kilichokaba koo la karavati.
Kikapasuka: nepi, maganda ya mayai,
na ndani ya pakiti ya maziwa, imekunjwa vizuri,
ankara ya maji.
Akaisoma kwa sauti, silabi kwa silabi,
maana miwani kaiacha nyumbani:
She. Ki. Gen. Da.

Shekigenda ni mimi.

Hata koleo zilinyamaza.
Kisha Mwanakombo akacheka, akacheka mpaka akaketi ndani ya karai.
"Mwosha huoshwa," mtu alisema nyuma yangu. Sikugeuka.

Ningeweza kusema: ni yule kijana wa mkokoteni,
nilimlipa mia tano apeleke jalalani.
Ni kweli, nilimlipa mia tano.
Na mia mbili juu, nisiulize ni wapi.

Nikafungua daftari.
Chini ya namba thelathini na mbili,
kwa mwandiko uleule unaosomeka:
Shekigenda, karani, faini, elfu mbili.
Rula sikuitumia; niliiona mbali.
Kalamu nikampa Mnyamisi, nikavua viatu,
nikashuka.

Huko chini mtaa una sura nyingine.
Unaona visigino vya majirani, nyufa zake, hina iliyofifia;
unaona kuta za mtaro zilivyojengwa,
jiwe juu ya jiwe, na mikono isiyo na daftari.
Maganda tuliyapeleka shimoni, nyuma ya shule,
yaoze kwa faida. Mchicha wa huko una majani
mapana kama sikio la mbuzi.

Jumanne usiku mvua ikamwagika.
Usingizi ukanigomea. Nikatoka na tochi, na msuli, bila shati.
Upande wa pili tochi nyingine:
bwana wa namba thelathini na mbili, naye kifua wazi,
anamulika mtaro.
Hatukusalimiana.
Maji yalikuwa yanakwenda, kwa sauti ya mtu anayejua aendako.

"Yanapita," akasema.
"Yanapita," nikasema.

Faini yake hajalipa mpaka leo.
Yangu nimelipa nusu.