Nusu ya Shufaa

Kitabu tulikinunua Langoni, kwa bei ya pakiti ya majani,
kwa Famau auzaye kufuli, betri na magazeti ya juzi.
Kilikuwa kizima mkononi mwake.
Kufika kwenye ngazi za kwetu, mgongo ukalia tak,
kikawa viwili,
kama mkate wa mofa kati ya watoto wa mama mmoja.

Shufaa ni mwepesi. Akanyakua mwanzo.
Nami nikabaki na ukurasa wa mia na kumi na tatu kwenda mbele,
sentensi yangu ya kwanza ikianza katikati ya tusi,
sijui nani anatukanwa.

Kichochoro chetu ni chembamba:
punda wa mawe akipita, mwenye kanzu hujibanza ukutani.
Dirisha lake na langu yametazamana tangu enzi za bibi zetu,
na mkono wa mtu mzima, ukinyooka sawasawa,
huvusha kikombe bila kumwaga,
ila siku moja tu, na yaliyokipata kilemba cha imamu
hatuyasemi.

Baada ya alasiri namsikia akitwanga iliki.
Haulizi kama nataka. Hajapata kuuliza.
Chai yake ya maziwa, imechemka hata ikaota ngozi,
sukari ya kumkasirisha daktari;
yangu ya rangi, tangawizi na mchaichai,
kali ya kumwamsha aliyelala na deni.
Tunabadilishana, yake kwangu, yangu kwake,
kisha kila mmoja analalamikia kikombe cha mwenziwe
mpaka tone la mwisho.

Halafu kitabu.

"Yule mtengeneza saa, kwa nini alimwacha mkewe?"
"Mke gani? Bado hajaoa," ajibu Shufaa,
"niko ukurasa wa arobaini. Ananunua viatu."
Viatu!
Huku kwangu viatu vimekwisha visigino,
vimetajwa mara tatu, vimemliza mtoto mmoja,
nami sijui vina nini.
"Ni vya rangi gani?" nauliza, kama mtu asiyejali.
"Mpaka uniambie kama anarudi."
"Sikwambii."
"Basi nwa chai."

Ndivyo tulivyoishi Rajabu nzima:
yeye ana kwa nini, mimi nina ikawaje,
na kati yetu mvuke.

Usiku mmoja nilijaribu peke yangu,
na chai ya chupa, ile inayobaki na harufu ya kizibo.
Maneno yalikuwa yale yale. Hayakuwa na pa kukaa.
Nikasema kwa sauti, "Hebu sikia hili!"
na ukuta, uliokwisha sikia mengi, haukushtuka.

Asubuhi nikamsomea Shufaa mstari ule
juu ya vichwa vya wapita njia.
Muuza maziwa akasimama na madebe yake:
"Ehe? Kisha?"
Tukampimisha kikombe cha nyongeza
ndipo tukaendelea.

Jana fundi Shekuwe, mshona misahafu, alikiona.
"Nipeni siku mbili, nitawarudishia kimoja."
Uzi wake una nta, mkono wake hauna kasoro.
Shufaa akanitazama. Nikatazama ukurasa wangu wa kwanza:
una duara la kahawia, kitako cha kikombe chake.
Wake wa mwisho una duara la changu.
"Ahsante, fundi," tukasema, "labda baada ya Idi."
Hatukusema Idi ipi.

Sasa hivi iliki inatwangwa ng'ambo.
Viatu, nimekwisha jua, vilikuwa vyeusi,
vidogo kuliko mguu wake, na aliviona ni vidogo,
akavilipia.
Kwa nini?
Nanyoosha mkono.